Mpelelezi Asiye Askari: Bwana Msa na Kiswahili cha Jinja na Mbale

Mwaka 1960 East African Literature Bureau ilichapisha Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla wa Unguja, ambayo ilikuwa imeshinda tuzo ya kwanza katika shindano la hadithi za Kiswahili la 1957–58. Bureau hiyo ilihudumia Uganda pia. Kwa hati, basi, msomaji wa Jinja au Mbale alikihitaji kitabu hicho kama alivyokihitaji mwenzake wa Zanzibar. Makala haya yanachunguza kwa nini wawili hao hawakukutana.

Kisa ni cha mauaji. Bwana Ali, tajiri, anakutwa amekufa penye mzimu unaoogopwa. Polisi wapo, lakini fumbo linafumbuliwa na raia tu, Bwana Msa, mvuta kiko, akiwa na sahibu yake Najum. Wahakiki humlinganisha na Sherlock Holmes, na wana haki. Hata hivyo, Holmes hufanya kazi katika jiji la watu wasiojuana, ilhali Bwana Msa yumo kisiwani, ambako watu wanajuana kwa nasaba na kwa mashamba. Mahali kama hapo siri hufichwa na staha, wala si umbali. Kwa hiyo mzaha ni nyenzo ya upelelezi: anayechekeshwa husahau kujilinda. Kiswahili cha riwaya hii kinabembeleza, kinatania na kudadisi, hakiamrishi.

Mashariki mwa Uganda lugha hiyohiyo ilikuwa na sura nyingine. Sera ya Gavana Gowers ya 1927 ya kukieneza ilipingwa na Kabaka Daudi Chwa, na mwaka 1952 Kiswahili kiliondolewa katika shule za kawaida. (Kwa kejeli ya historia, mwaka huohuo Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilihamia Makerere.) Hakikutoweka. Kilibaki relini, sokoni Mbale, viwandani Jinja miongoni mwa Wasoga, Wagisu, Wateso na Wajaluo. Na zaidi ya yote kilibaki kwa polisi na jeshi. Wanajeshi walioasi katika kambi ya Jinja Januari 1964 walikuwa warithi wa King's African Rifles, ambamo amri zilitolewa kwa Kiswahili. Idi Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, raia wengi walikisikia kama sauti ya bunduki.

Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 kukifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Washauri wa sera wamejishughulisha mno na idadi ya walimu. Hilo ni la lazima, ila halijibu hofu ya mzazi anayekumbuka vizuizi vya barabarani. Kwa maoni yangu, uteuzi wa vitabu unaweza kuijibu vizuri zaidi kuliko hotuba. Bwana Msa anamwonyesha mwanafunzi Kiswahili mdomoni mwa mtu asiye na sare, anayemzidi akili mwenye sare.

Kikwazo kipo: msamiati wa Unguja wa miaka ya 1950 utamwelemea mwanafunzi wa Mbale, hivyo toleo lenye faharasa linahitajika. Lakini ulimwengu wenyewe hautakuwa mgeni kwa mtoto wa Sigulu, kisiwa cha wavuvi katika Ziwa Victoria, ambako jirani hujua mtumbwi wa nani umechelewa kurudi.