Kamera Mbili za Askari

Mnamo 1912 kampuni ya Kodak ilitoa kamera ndogo ya kukunja iliyoingia katika mfuko wa koti. Vita vilipozuka miaka 2 baadaye, ikatangazwa kuwa ndiyo kamera ya askari, na vijana wengi wa Kiingereza wakaenda nayo Ufaransa. Siku ya Krismasi ya 1914, bunduki ziliponyamaza katika sehemu kadhaa za mahandaki, baadhi yao walipigwa picha wamesimama bega kwa bega na Wajerumani. Tarehe 8 Januari 1915 gazeti la Daily Mirror liliiweka picha moja ya namna hiyo ukurasa wa mbele.

Wakuu wa jeshi walikuwa wamekwisha kuzipiga marufuku kamera za binafsi; sasa marufuku hiyo ikakazwa. Sababu iliyotajwa ilikuwa siri za kijeshi, nayo haikuwa ya uongo, kwani picha ya handaki ikiangukia mikononi mwa adui ni sawa na ramani. Lakini picha ya Krismasi haikuwa na siri ambayo Wajerumani hawakuijua: wao wenyewe walikuwamo. Aliyefichwa jambo alikuwa msomaji wa London. Mwaka 1916 jeshi likampeleka Ernest Brooks, mpiga picha wake rasmi, kwenye medani ya Ufaransa, na tangu hapo kamera iliyokubalika ikawa ile iliyotumwa.

Katika vita hivyohivyo, upande wa Afrika Mashariki, suala la ruhusa halikuwahusu hata kidogo wengi wa waliovibeba vita mabegani. Picha mashuhuri za askari wa Lettow-Vorbeck zilipigwa na Walther Dobbertin, Mjerumani aliyekuwa na studio yake Dar es Salaam. Wapagazi wa Waingereza, ambao jina la kikosi chao limebaki katika Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, walikufa kwa maelfu kwa maradhi na njaa. Kamera ya mfukoni haikuwa kitu cha mpagazi. Mpagazi anaonekana pichani, mara nyingi bila jina, lakini kile alichokiona yeye hakuna picha inayokionyesha.

Tofauti baina ya kamera iliyotumwa na ile isiyotumwa haijapata kuonekana wazi kama asubuhi ya tarehe 16 Machi 1968, katika kijiji cha My Lai, Vietnam. Ronald Haeberle, mpiga picha wa jeshi la Marekani, alifuatana na kikosi cha askari wa miguu akiwa na kamera za jeshi zenye filamu nyeusi na nyeupe, na kamera yake mwenyewe yenye filamu ya rangi. Wanakijiji waliouawa siku ile, kwa hesabu ya Wamarekani, walikuwa 347. Jiwe la kumbukumbu la Vietnam linataja 504. Wengi walikuwa wanawake, watoto na wazee. Taarifa ya jeshi ilisema adui 128 wameuawa, silaha zilizotekwa ni 3, na ulinganifu huo wa ajabu haukumshtua mtu.

Filamu ya jeshi Haeberle aliikabidhi kwa jeshi. Ile ya rangi alibaki nayo. Aliporudi nyumbani Ohio aliwaonyesha watu slaidi zake katika mikutano ya vyama vya kiraia. Ukweli ulianza kuchimbuliwa rasmi baada ya barua ya askari mwingine, Ron Ridenhour, ya Machi 1969, na tarehe 20 Novemba mwaka huo picha za Haeberle zikatoka katika gazeti la Plain Dealer la Cleveland. Kama kanuni ingemnyima kamera yake, ulimwengu ungebaki na ile filamu ya jeshi na ile hesabu ya 128.

Hata hivyo ni vigumu kumfanya Haeberle shujaa. Picha alikaa nazo zaidi ya mwaka mmoja. Baadaye sana alikiri kwamba aliziharibu zile zilizowaonyesha askari wakiwa katika kuua kwenyewe. Kamera isiyotumwa na serikali nayo ina bwana wake, na bwana huyo ana wenzake wa kuwasitiri.

Miaka 25 baadaye, siku ileile ya tarehe 16 Machi, kijana Msomali wa miaka 16, Shidane Arone, aliteswa hadi kufa katika kambi ya wanajeshi wa Kanada huko Beledweyne. Waliomtesa walipiga picha naye, kama mwindaji apigavyo picha na mnyama wake. Hapa kamera haikuja kushuhudia mateso. Ilikuwa sehemu ya mateso. Na picha zizo hizo zikawa ushahidi.

Abu Ghraib ilirudia fumbo hilohilo. Shirika la Msalaba Mwekundu lilikuwa limekwisha kulalamika mwaka 2003 juu ya hali ya wafungwa wa gereza hilo la Iraki, na malalamiko yake hayakuitikisa dunia. Picha zilizotangazwa na CBS tarehe 28 Aprili 2004 ziliitikisa. Waziri wa Ulinzi Donald Rumsfeld, mbele ya Baraza la Seneti, alinung'unikia askari wanaozunguka na kamera za kidijitali. Basi askari 11 walitiwa hatiani, wote wa vyeo vya chini. Picha huonyesha mkono ulioshika kamba. Amri iliyotoka juu haina sura ya kupigwa picha. Anayedhani kwamba kuruhusu kamera kunatosha kuleta haki na aitazame hesabu hiyo.

Anayetaka zikatazwe naye ana la kujibu, maana katika visa hivi vitatu hakuna picha ya uovu iliyofika hadharani kutoka katika filamu ya jeshi lenyewe. Ila pande zote mbili humjadili askari na mkuu wake. Aliyepigwa picha haulizwi.

Miongoni mwa picha za My Lai kuna ya watoto wawili njiani, mkubwa amemfunika mdogo kwa mwili wake. Gazeti la Life liliichapa Desemba 1969, na wasomaji wakaambiwa kwamba watoto wale waliuawa. Miaka mingi baadaye mtu mmoja anayeishi Ujerumani alijitokeza akasema kwamba mkubwa ni yeye, mdogo ni dada yake, na wote wawili walisalimika; aliyeuawa ni mama yao, naye yumo katika picha nyingine ya siku ile. Haeberle alikuja kumsadiki, akaonana naye, akamkabidhi ile kamera.