Mafuta ya Mimea kwa Uso wa Chunusi: Yenye Yanasaidia, Yenye Yanaziba na Venye Unafaa Kupaka

Kama uko na uso wa chunusi, lazima kuna mtu ashakwambia upake mafuta flani. Shosho alisema ya nazi. Beshte yako wa campo anaapa kwa tea tree. TikTok nayo, kila ukiskroli kuna dem ngozi inang'aa kama sufuria mpya anajidondoshea kitu kwa mashavu. Halafu kuna wale wa upande ule mwingine, wanasema mtu wa chunusi asiguse mafuta kabisa, aoshe uso na sabuni ya kipande mpaka ikauke kama chapo ya jana.

Wote wako na ukweli kidogo, na hapo ndio shida huanzia. Wacha tupange hii maneno polepole.

Chunusi hutoka wapi

Si uchafu. Hiyo ndio kitu ya kwanza ujue, na umwambie huyo anko wako hukuambia "oga vizuri" kila Krisi. Kwa ngozi ya uso kuna vitundu vingi, na kila kimoja kiko na tezi ndogo inatoa mafuta yake yenyewe, yanaitwa sebamu. Ukifika balehe, homoni zinaambia hizo tezi ziongeze kazi. Wakati huo huo seli zilizokufa, badala ya kutoka, zinashikana kwa shingo ya kitundu na kukiziba. Mafuta yanakwama huko ndani, bakteria inaitwa Cutibacterium acnes inapata karamu, mwili unaanza kupigana, na asubuhi unaamka na donge. Kwa ngozi nyeusi si lazima uone wekundu wenye hutajwa kwa vitabu. Saa zingine ni kidonge tu cheusi kinauma ukikigusa.

Sasa, mafuta unayopaka kwa juu hayawezi kuambia tezi ipunguze kazi. Sabuni kali pia haiwezi, itakuachia tu ngozi imekasirika juu ya chunusi zako. Kwa hivyo ukiskia mafuta flani "yanafunga vitundu", cheka. Vitundu vya ngozi si mlango wa keja, havina komeo.

Kitu mafuta ya mimea yanaweza kufanya ni kuzuia maji yasitoke kwa ngozi, kulainisha, kutoa vipodozi, na kwa mengine machache, kusaidia kidogo hiyo story ya kuziba. Lakini pia yanaweza kuiharibu zaidi, inategemea umechukua gani.

Angalia hii kitu inaitwa asidi linoleiki

Mafuta karibu yote ya mimea ni mchanganyiko wa asidi za mafuta, na mbili ndio zinakuhusu sana: linoleiki na oleiki. Mafuta yenye linoleiki nyingi huwa mepesi, yanapotea kwa ngozi haraka. Yenye oleiki nyingi ni mazito na yanakaa juu.

Watafiti waligundua kitambo kwamba sebamu ya watu wa chunusi huwa na linoleiki kidogo kuliko ya watu wasio nazo. Kuna utafiti mdogo ulitoka 1998, watu wakapakwa asidi linoleiki kwa mwezi mmoja, na vile vijichunusi vidogo sana vyenye huwezi kuona na macho vikapungua ukubwa kwa karibu asilimia 25. Soma hapo tena: vyenye huwezi kuona. Hakuna mahali walisema lile donge la kidevu liliisha. Lakini angalau inakupa pa kuanzia ukisimama mbele ya hizo chupa kumi dukani.

Upande wa linoleiki kuna alizeti, mbegu za zabibu, na rosehip, yale ya rangi ya machungwa hutolewa kwa mbegu za tunda la waridi-mwitu. Upande wa oleiki kuna zeituni, avokado, lozi na marula. Pole kwa watu wa Murang'a, avokado yenu ni tamu kwa mkate na inafanya miujiza kwa visigino, lakini kwa uso wenye tayari unateleza, hiyo ni mzigo.

Zeituni hasa watu huniuliza. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2013 ulilinganisha zeituni na alizeti kwa ngozi ya watu wazima, na zeituni ikapatikana inadhoofisha ile tabaka ya juu inayolinda ngozi, hata kwa watu hawakuwa na shida yoyote. Alizeti ikaiacha sawa. Funny enough, alizeti ndio bei ya chini.

Lakini usikimbie jikoni bado. Soma lebo. Mafuta mengi ya kupikia hapa Kenya ni ya mawese, hata kama chupa iko na picha ya maua. Na kuna alizeti zilizokuzwa ziwe na oleiki nyingi ndio zivumilie moto wa kukaanga. Hizo si zile tunaongelea.

Mafuta ya nazi: tukae hapa kidogo

Hii ndio itanipeleka kortini na watu wa Pwani. Mafuta ya nazi ni poa kwa nywele, poa kwa mwili, na vizazi vimepakwa hayo tangu siku ya kuzaliwa. Kwa uso wa chunusi, hapana.

Wenye wanayatetea huanza na asidi lauriki. Ni kweli karibu nusu ya mafuta ya nazi ni lauriki, na ni kweli kwa maabara lauriki imeua ile bakteria ya chunusi. Lakini kwa maabara walitumia lauriki yenyewe, ikiwa peke yake. Kwa chupa yako, imefungwa ndani ya mafuta mengine, na inakuja na mzigo wake wote. Linoleiki ndani ya nazi ni kama asilimia 2 tu. Na kwa ile skeli ya kupima mafuta yanaziba vitundu kiasi gani, kutoka 0 hadi 5, nazi hupewa 4. Siagi ya kakao pia 4.

Hiyo skeli yenyewe usiichukue kama Katiba. Ilitokana na kupaka vitu kwa masikio ya sungura, na sikio la sungura huziba haraka kuliko uso wa binadamu. Ndio maana utapata msee anapaka nazi miaka kumi na uso ni safi kama sahani. Ni yeye na bahati yake. Kama tayari unatoa chunusi, usijaribu bahati na kitu iko namba 4.

Mnyonyo nao, ama mbarika, hauzibi sana lakini ni mzito kama asali. Watu huuchanganya kidogo na mafuta mepesi kutoa vipodozi. Kuulalia usiku mzima na uso wa mafuta ni kujitesa. Shea ile laini ya kaskazini mwa Uganda iko hapo katikati: mzito, oleiki nyingi, nzuri kwa mtu ngozi yake ni kavu na chunusi ni moja moja.

Kabla ulaumu uso, angalia nywele

Mwaka wa 1970 madaktari wa ngozi Marekani waliandika kuhusu chunusi za paji la uso na pembeni mwa macho kwa wanaume weusi waliokuwa wanapaka mafuta mazito kwa nywele. Wakaipa jina kabisa, chunusi za pomedi. Zaidi ya miaka hamsini baadaye bado tuko hapo hapo.

Fikiria: umesukwa matuta, msusi amepaka mafuta kila mstari, umefunga kitambaa usiku, kichwa kimepata joto, na hayo mafuta yanateremka pole pole. Ukiona chunusi zako zimejipanga kwa laini ya nywele na mashavu ni safi, seramu ya uso haitakusaidia. Paka mafuta ya kichwa mbali na paji, pangusa ile laini kabla ulale, na ubadilishe foronya kila wiki. Wanaume wa dredi na wave pia, msijifanye hamjaskia.

Jojoba na tea tree, hawa wawili ni tofauti

Jojoba hutoka kwa kichaka cha jangwa la Marekani na Mexico. Kisayansi hata si mafuta, ni nta ambayo iko majimaji, na sehemu moja ya sebamu yako pia ni nta za aina hiyo. Ndio maana inakaa vizuri kwa ngozi, na haiharibiki haraka. Haiponyi chunusi, lakini kama unataka mafuta yenye hayakuletei drama, hii ni moja ya zile salama kuanza nazo.

Tea tree ni kitu tofauti kabisa. Ni mafuta makali ya harufu, yanakamuliwa kwa mvuke kutoka kwa majani ya mti wa Australia. Na hii ndio iko na ushahidi wa maana. Mwaka wa 1990 Waaustralia walichukua watu 124 wenye chunusi, wengine wakapewa jeli ya tea tree ya asilimia 5, wengine losheni ya benzoili peroksaidi ya asilimia 5, ile dawa ya chunusi ya dukani. Zote zikapunguza chunusi. Tea tree ilianza pole pole zaidi, lakini ilisumbua watu kidogo.

Asilimia 5, si chupa nzima. Usipake tea tree moja kwa moja kwa uso, itakuunguza. Matone 5 kwa kijiko kimoja cha chai cha jojoba ni karibu asilimia 5, lakini anza na tone moja ama mawili. Chupa ikikaa wazi ikapigwa na hewa na mwanga, ndio inazidi kuleta mzio. Na usimeze, ni sumu, weka mbali na watoto.

Mwarobaini na habasoda zinatumika sana mtaani na zina historia ndefu, lakini ushahidi kwa chunusi ni mdogo. Limau, ndimu na mafuta yake, toa kabisa kwa uso. Ukitoka kwa jua la saa saba na hizo, ngozi inaweza kuungua na kuacha madoa meusi mabaya kuliko chunusi ulianza nayo.

Venye unapaka

Jaribu kwanza chini ya taya, karibu na sikio, kila usiku kwa wiki moja. Ikiwa hakuna mwasho wala vipele, endelea usoni. Osha na kitu laini, acha uso na unyevu kidogo, weka matone 2 ama 3 kwa viganja na ubonyeze, usisugue. Mafuta hayaongezi maji, yanashika yale yako hapo, ndio maana hupaki kwa uso mkavu. Usiku pekee. Asubuhi ni losheni ya kuzuia jua, kwa sababu yale madoa meusi chunusi huacha yanakaa wiki hadi miezi, na jua huyafanya yakae zaidi.

Mafuta ya aina moja kwa wakati. Ukichanganya matano hutajua nani mkosaji. Mpe wiki 4 hadi 6, lakini ukianza kutoa chunusi mahali hukuwa nazo, acha hapo hapo. Kuna muuzaji atakwambia ngozi "inajisafisha". Hiyo story ni ya dawa kama adapaleni, zenye zinaharakisha ngozi kubadilisha seli. Mafuta hayana hiyo kazi.

Na kama vipele vyako ni vidogo, vyote saizi moja, viko kwa paji, kifua ama mgongo, na vinawasha, kuna uwezekano si chunusi. Inaweza kuwa fangasi inaitwa Malassezia, yenye inapenda joto na jasho, na inakula mafuta. Hapo kila tone unalopaka ni kuilisha. Inatibiwa na dawa ya fangasi, muulize mfamasia.

Kununua

Tafuta chupa nyeusi ama ya kahawia, na jina la mmea la kisayansi kwa orodha: Simmondsia chinensis ni jojoba, Helianthus annuus ni alizeti, Melaleuca alternifolia ni tea tree. Ikinuka kama njugu zimeoza, imeisha. Rosehip haswa huharibika mapema, nunua chupa ndogo.

Yale ya kuchanganyiwa tao kwa kikopo bila lebo, achana nayo hata kama ni ya mtu unamjua. Kenya imepiga marufuku vipodozi vyenye haidrokwinoni na zebaki, lakini bado vinauzwa, na mengine hutiwa steroidi. Steroidi ni tamu sana mwanzoni. Wiki mbili uso uko fiti, unapiga selfie bila filta. Halafu ngozi inakuwa nyembamba, chunusi zinarudi na marafiki, na ukiacha zinakuwa mbaya zaidi.

Mafuta hayatoshi kama uko na madonge ya ndani yanauma, makovu yenye yameanza kuchimba, ama miezi 3 imeisha bila mabadiliko. Dem mwenye chunusi za taya pamoja na hedhi imepotea njia na nywele za kidevu aende apimwe homoni. Duka la dawa liko na benzoili peroksaidi na adapaleni. Ukiwa na mimba ama unapanga, usitumie adapaleni, sema mapema. Zote mbili zinakausha, na hapo ndio matone mawili ya jojoba usiku yanasaidia kweli. Ukianza benzoili peroksaidi, tafuta taulo na foronya nyeupe, juu hiyo kitu inapausha nguo vibaya sana.