Uraniumu yetu ilienda. Makapi yake yalilala wapi?



Kuna siku kwenye grupu yetu mmoja aliandika: "Bomu la Hiroshima lilitoka kwetu." Wengine wakajivuna, wengine wakasikitika. Mimi nikauliza swali la mtu wa agronomia: ukitwanga mpunga, mchele unaenda sokoni, sawa. Makapi je, yanabaki kwa nani? Hakuna aliyejibu. Nikaanza kutafuta mwenyewe, na haya njo niliyoyapata.

Mgodi wa Shinkolobwe uko Katanga, mbali na sisi wa Goma. Wakati wa Wabelgiji ulikuwa mali ya kampani ya Union Minière. Mwaka 1940 mkubwa wake, Edgar Sengier, aliogopa mawe ya uraniumu yasiangukie mikono ya Wajerumani. Akapeleka karibu tani 1,200 kupitia bandari ya Lobito, Angola, mpaka New York. Septemba 1942 kanali wa Marekani, Kenneth Nichols, alipoenda kumuona atafute uraniumu, kumbe mzigo ulishafika zamani! Mawe mazuri ya Shinkolobwe yalikuwa na mpaka asilimia 65 ya oksidi ya uraniumu. Kwa kulinganisha, baada ya vita hata asilimia 0.3 ilihesabiwa kuwa nzuri.

Mzigo wa kwanza ulifuatwa na mingine, wakati wa vita na baadaye. Viwanda vya Marekani viliyeyusha mawe katika asidi, vikatoa uraniumu. Kilichobaki ni matope yaliyopewa jina K-65. Ndani yake kulibaki radiumu, na radiumu inahitaji miaka 1,600 ipungue nusu tu. Tena inatoa gesi inayoitwa radoni. Sisi wa Goma tunajua mazuku: haina rangi, ni nzito kuliko hewa, inajikusanya chini. Radoni pia haionekani na ni nzito. Lakini mazuku inaua palepale. Radoni inaingia mapafuni polepole, kansa inakuja kisha miaka.

Sasa sikia mkataba. Waamerika walinunua uraniumu tu. Radiumu ya ndani ya makapi ilibaki mali ya kampani ya Wabelgiji, juu wakati ule ilikuwa na bei. Kwa hiyo makapi yakawekwa akiba. Mkongomani aliyechimba hayumo popote kwenye karatasi ile.

Sehemu kubwa ililala Fernald, jimbo la Ohio, ndani ya matanki mawili makubwa ya zege yaliyojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Zege ilianza kuchoka. Mwaka 1964 walirundika udongo pembeni ili kuta zisimame. Mwaka 1991 wakamwaga ndani udongo wa mfinyanzi aina ya bentonaiti, ukafunika makapi ili radoni isitoke. Hiyo yote ilikuwa kutuliza tu. Dawa yenyewe ilikuwa bado.

Njia ya kwanza waliyochagua ilikuwa kuyeyusha makapi pamoja na vitu vya kutengeneza kioo, sumu igandie ndani. Desemba 1996 tanuru la majaribio lilitoboka chini, kioo cha moto kikamwagika. Wakaacha njia ile, wakarudi kwa kitu tunachokijua wote: simenti. Waliyatoa makapi matankini kwa nguvu ya maji, wakayachanganya na simenti na majivu ya makaa ya mawe, wakayamwaga katika mitungi ya chuma zaidi ya 3,700. Malori yaliipeleka Texas mpaka mwaka 2006, na mwaka 2009 ikazikwa.

Wenzangu wa agronomia mtaelewa haraka. Shamba lenye asidi nyingi, alumini inaumiza mizizi. Tunatia chokaa. Je, chokaa inaondoa alumini? Hapana, inaifunga tu, mzizi usiikute. Simenti ya Fernald ni vile vile. Radiumu yote iko ndani bado, na itatoa radoni miaka elfu. Kilichobadilika ni kwamba maji hayaibebi kirahisi tena, na gesi inanaswa humo ndani. Hakuna anayeua sumu ya namna hii. Inafungwa, inazikwa, inachungwa.

Lakini simenti haikufika pale yenyewe. Mwaka 1984 wakaaji wa Fernald walijua kwamba kiwanda kilitoa vumbi la uraniumu, na visima vingine vilishaguswa. Mama mmoja, Lisa Crawford, aliyekuwa amepanga nyumba karibu na pale na kisima chake kilikuwa kimoja cha vile, akasimama na majirani. Walifungua kesi mwaka 1985. Mwaka 1989 serikali ikakubali kulipa dola milioni 78. Usafishaji wa eneo lote uligharimu dola bilioni 4.4. Leo ni hifadhi, watu wanaenda kutazama ndege.

Na Shinkolobwe? Mashimo yalizibwa kwa zege wakati wa uhuru. Kisha wachimbaji wa mikono waliingia kutafuta kobalti. Januari 2004 rais alitoa amri ya kufunga. Julai mwaka ule ule udongo ulianguka, ukaua watu wanane. Jiwe ni lile lile. Ohio lilipata simenti, chuma na walinzi. Kwetu lilipata amri ya karatasi.

Siandiki hivi ili tulie. Nimeandika juu huku kwetu koltani ya Rubaya inapita kila siku, na koltani inakuwaka na uraniumu na toriumu kidogo ndani. Tunasemaka kila siku juu ya bei yake na juu ya nani anaishika. Juu ya maji yanayooshea mchanga ule, na shamba la maharagwe lililo chini ya mlima, nani kati yetu ameshapima? Mwenye anatafuta mada ya memwari, hii hapa. Chupa za sampuli si ghali, na kupima udongo tulishajifunza.