Mwani na Migongo ya Mama Zetu

Asubuhi hii, kabla ya kuvaa nguo za sherehe, sote tumepiga mswaki. Watoto, mkirudi nyumbani someni maandishi madogo kwenye dawa zenu za meno. Baadhi zina karajini, kitu kinachoifanya dawa iwe nzito. Hutolewa kwenye mwani, na mwani wa namna hiyo hulimwa Unguja na Pemba.

Atakayeuliza kwa nini gazeti la 9 Desemba lianzie Unguja asubiri kidogo, Bara nayo imo.

Zamani uliokuwa ukiuzwa nje ni mwani unaoota wenyewe. Uliokotwa mpaka ukapungua. Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa miongoni mwa walioshikilia kwamba unaweza kulimwa. Alipata shahada ya uzamivu mwaka 1974 katika Chuo Kikuu cha Hawaii, alikofundisha Maxwell Doty, mmoja wa waanzilishi wa kilimo hicho Ufilipino. Kisha akarudi nyumbani. (Sisi tuliobaki huku na shahada zetu, neno hilo "akarudi" tunalisoma mara mbili.)

Mwaka 1989 kilimo cha biashara kilianza Paje na Jambiani, kwa mbegu za Ufilipino. Wanaume walijaribu, wengi wakaona fedha ni kidogo, wakarudi kuvua. Kina mama wakabaki. Wakati wa bamvua, maji yakitoka, hushuka na vigingi na kamba, wakainama kufunga kipande kimoja kimoja. Baada ya wiki sita hivi huvuna na kuanika. Kilo saba au zaidi za mwani mbichi hubaki kilo moja mkavu, na kilo hiyo kwa miaka mingi iliuzwa kwa shilingi mia chache tu. Lakini ilikuwa fedha ya mwanamke mkononi mwake mwenyewe, na sare na madaftari ya watoto yalitoka humo.

Sisi wauguzi tunaguswa zaidi na jambo jingine. Utafiti wa wanasayansi wa Sweden na Zanzibar, uliochapishwa mwaka 2012, uliwauliza wakulima hao kuhusu afya zao. Walitaja uchovu, njaa, maumivu ya mgongo na viungo, matatizo ya macho na kifua, na kujeruhiwa na makombe na viumbe vya baharini. Huku haturuhusiwi kumwinua mgonjwa kabla ya kufundishwa namna ya kuulinda mgongo. Wao hubeba kichwani viroba vya mwani mbichi vinavyochuruzika maji, na wakiumwa, bamvua haliwasubiri.

Bahari nayo imebadilika. Kotonii, aina yenye bei nzuri, ilianza kufa maji yalipozidi joto, wakabaki na spinosamu ya bei ya chini. Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar, alishirikiana na kina mama kujaribu kuipanda kotonii ndani ya nyavu za mirija, kwenye kina kirefu zaidi. Tabu ni kwamba huko kunataka chombo, na kunataka kujua kuogelea. Watoto wetu huku hupelekwa bwawani na shule. Wengi wa mama hawa, waliozaliwa hatua chache kutoka ufukweni, hawakufundishwa kamwe. Wapo wanaojifunza sasa, ukubwani.