Tembe iliyotoka kwa ng'ombe

Leo tunazungumzia warfarini, tembe ya kuzuia damu kuganda. Mtoto au mzazi wako aliyewekewa vali ya bandia, yaani mlango mpya wa moyo wa chuma, huimeza maisha yake yote.

Mapema miaka ya 1920, wafugaji wa Kanada na kaskazini mwa Marekani waliona ng'ombe wakikatwa pembe tu, kisha wakivuja damu hadi kufa. Daktari wa mifugo Frank Schofield aligundua kwamba walikuwa wamelishwa majani makavu yaliyoota ukungu. Februari 1933, mkulima Ed Carlson wa Wisconsin aliendesha gari karibu kilomita 300 katika dhoruba ya theluji, amebeba mtamba aliyekufa na debe la damu isiyoganda, akaufikia mlango wa mwanakemia Karl Link. Kutokana na kazi ya Link ikapatikana warfarini, iliyouzwa kwanza mwaka 1948 kama sumu ya panya. Ndiyo mama, sumu ya panya! Mwaka 1954 iliruhusiwa kwa binadamu, na mwaka 1955 Rais Eisenhower wa Marekani aliipata baada ya mshtuko wa moyo.

Taabu yake ni kipimo. Ikipungua, damu huganda kwenye vali na kuleta kiharusi. Ikizidi, mgonjwa huvuja damu. Kila maabara ilikuwa na hesabu yake hadi mwaka 1983, Shirika la Afya Duniani lilipoleta kipimo kimoja, INR. Asiyetumia dawa hii huwa na kama 1. Wengi wanaoitumia hutakiwa kuwa kati ya 2 na 3, wenye vali ya bandia pengine juu kidogo.

Hata hivyo ilibidi kusafiri na kupanga foleni. Ndipo mwaka 1986, huko Ujerumani, wagonjwa wakaanza kufundishwa kujidunga kidole na kujipima nyumbani, kama wenye kisukari. Baadhi ya madaktari waliogopa. Lakini mwaka 2006 jarida la Lancet lilijumlisha majaribio 14: kwa waliojipima, madhara ya damu kuganda yalipungua kwa zaidi ya nusu.

Si kila mtu aliyeweza, na mashine na vijiti vyake ni ghali. Kwa maoni yangu, siri haikuwa mashine peke yake. Wale wagonjwa walifundishwa, wakaandika kila namba, wakajua la kufanya. Daftari hata wewe unaweza kuwa nalo: tarehe, INR, tembe ngapi. Sukuma wiki asiache, ila ale kiasi kilekile kila wiki. Asimeze aspirini au miti shamba kabla ya kuuliza kliniki. Msichana anayeitumia amwone daktari kabla ya kupata mimba, maana inaweza kudhuru mtoto tumboni. Lakini asiiache mwenyewe. Na ukiona choo cheusi kama lami au mkojo wenye damu, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, na daftari mkononi.