Injini Iliyokosa Gari

Januari 1963, wakubwa wa General Motors walitoa amri: kampuni isijihusishe tena na mbio za magari. Wakati huo Chevrolet ilikuwa imeanza kutengeneza Impala ya mbio iliyojulikana kwa namba Z11. Injini yake ilikuwa ya inchi za ujazo 427, yaani lita 7, na boneti na madigadi ya mbele vilikuwa vya alumini ili kupunguza uzito. Yalitoka magari 57 hivi, kisha kazi ikasimama. Injini ikabaki yatima.

Mbio zenyewe ziliitwa dragi. Magari mawili husimama sambamba, taa huwaka, yakachomoka kwenye barabara iliyonyooka ya robo maili, kama mita 400. Hakuna kona wala mzunguko wa pili. Kosa dogo la mguu na umeshindwa.

Katika mchezo wa namna hiyo, uzito ni adui, na Impala lilikuwa gari kubwa. Kwa mwaka 1964 Chevrolet ilileta Chevelle, dogo zaidi na jepesi. Lakini General Motors ilikuwa na sheria nyingine: gari la ukubwa huo lisipewe injini inayozidi inchi 330. Wenzao wa Pontiac waliikwepa kwa karatasi. Waliiandika injini ya inchi 389 kama nyongeza ya hiari ya mnunuzi, wakaiita GTO. Vitabu vingi huanzia hapo kusimulia historia ya yale magari ambayo Wamarekani huyaita magari ya misuli.

Mimi nimeanza kupendelea gereji. Malcolm Durham alikuwa fundi na dereva Mweusi wa Washington, aliyekuwa akishindana na Impala ya Z11. Mwaka 1964 alichukua injini ya aina hiyo akaitia ndani ya Chevelle. Gari akaliita Strip Blazer. Pontiac walikuwa wameikwepa sheria kwa kalamu. Yeye aliivunja kwa spana.

Aliyewahi kushinda gereji anajua kwamba kupandikiza injini si kuinua na kushusha. Maunti hazilingani. Radieta ya zamani haitoshi. Nguvu mpya hutafuta sehemu dhaifu kuliko zote, na mara nyingi huipata kwenye giaboksi, propela au difu. Tena injini nzito hulemea mbele, ilhali gari la dragi linahitaji uzito urudi nyuma, juu ya matairi yanayosukuma. Kwa hiyo springi hubadilishwa ili pua inyanyuke gari linapoondoka, na nyuma hufungwa matairi mapana yasiyo na kashata, yanayong'ang'ania lami. Ukigusa kimoja, umegusa vyote.

Durham aliishi kwa mapambano ya mwaliko, ambapo mwenye uwanja huwalipa madereva wawili wavute watu. Alijua kuvuta watu. Kwa majigambo yake walimpa jina la D.C. Lip, yaani mdomo wa Washington, kama Muhammad Ali alivyoitwa mdomo wa Louisville.

Ni rahisi kusema kwamba saa ya uwanjani haikuona rangi ya ngozi. Ni kweli, haikuona. Lakini kabla ya kuifikia saa kulikuwa na barabara ndefu, mahali pa kulala, mahali pa kula, na mwenye uwanja wa kuamua kama atakualika. Sheria iliyokataza hoteli na migahawa kumfukuza mtu kwa rangi yake ilitiwa saini Julai 1964, mwaka uleule wa Chevelle ile. Gari la fundi Mweusi lilibeba mzigo ambao mizani ya ukaguzi haikuweza kuupima.

Mwaka 1965 kiwanda chenyewe kilitoa Chevelle chache zenye injini ya inchi 396. Mwaka 1970 sheria ya ukubwa ikaondolewa, na Chevelle ikauzwa madukani ikiwa na inchi 454. Miaka sita kabla, mtu mmoja alikuwa ameshaonyesha kwamba jambo hilo linawezekana.

Katika masomo ya uzamili ya historia tumefundishwa kuuliza kwanza: hati iko wapi? Ni swali zuri. Lakini hati za kiwanda zinaeleza kilichotoka kiwandani, na Chevelle yenye injini ya Z11 haikutoka huko. Tukifuata karatasi peke yake, GTO itakuwa na cheti cha kuzaliwa na Strip Blazer haitakuwa nacho.

Siku hizi nikisimama mbele ya gari la zamani siulizi tena lilitengenezwa mwaka gani. Nauliza injini hii ilitoka wapi, na nani aliyeitia humu.