NDOTO YA MSANIFU WA MELI: WILLIAM FRANCIS GIBBS (1886–1967) NA MELI UNITED STATES

0. Utangulizi

Historia ya usafiri wa baharini huandikwa mara nyingi kwa majina ya meli, ya makampuni na ya manahodha. Msanifu, yaani yule anayekichora chombo na kukipigia hesabu kabla mafundi hawajaanza kukiunda, husahaulika upesi. William Francis Gibbs wa Marekani ni mmoja wa wachache ambao majina yao hayatenganishwi na chombo walichokisanifu. Aliitamani meli moja kubwa ya abiria tangu utotoni, naye akaiona ikivuka bahari ya Atlantiki alipokuwa na umri wa miaka 65.

Makala haya yanaeleza safari ya ndoto hiyo na kujibu swali moja: je, kungoja kwa muda mrefu namna hiyo kulimfaa Gibbs au kulimpunja? Itaonekana kwamba kulifanya yote mawili. Miaka iliyoikamilisha meli yake ndiyo hiyo hiyo iliyozimaliza zama za meli za namna yake.

1. Chanzo cha shauku

Gibbs alizaliwa Philadelphia tarehe 24 Agosti 1886, katika nyumba ya mfanyabiashara tajiri. Tarehe 12 Novemba 1894, akiwa mtoto wa miaka minane, alishuhudia meli St. Louis ikishushwa majini katika kiwanda cha Cramp, mjini humo. Tangu siku hiyo hakuacha kufikiri juu ya meli.

Hata hivyo, elimu yake haikufuata njia hiyo. Baba yake hakupenda awe mhandisi. Alisoma Harvard bila kupata shahada, kisha akapata shahada ya sheria katika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1913. Usanifu wa meli alijifundisha mwenyewe, akichunguza michoro ya manowari chumbani mwake huku wenzake wakiendelea na masomo yao ya kawaida. Kazi ya uanasheria aliifanya kwa muda mfupi tu, akaiacha.

Akishirikiana na mdogo wake, Frederic, alichora meli ya abiria yenye urefu wa futi 1,000, yaani karibu meta 305. Ndugu hao, ambao hawakuwa na cheti chochote cha uhandisi, waliipeleka michoro yao kwa Amirali David W. Taylor, mkuu wa usanifu katika jeshi la majini la Marekani. Taylor hakuwadharau. Mwaka 1916 mfano mdogo wa meli hiyo ulijaribiwa katika birika la majaribio la jeshi mjini Washington. Lakini mwaka 1917 Marekani iliingia katika Vita Kuu ya Kwanza, na mpango ukawekwa kando.

2. Miaka ya kungoja

Yafaa kukumbuka kwamba Gibbs hakungoja akiwa amekaa kitako. Kila kazi aliyopewa katika miaka iliyofuata ilimwongezea fundisho moja ambalo baadaye lilionekana katika meli yake.

Fundisho la kwanza lilikuwa la vipimo. Wakati wa vita Marekani iliiteka meli kubwa ya Wajerumani, Vaterland, ikaiita Leviathan. Gibbs alipewa kazi ya kuirudisha katika hali ya kubeba abiria. Waundaji wake wa Hamburg walitaka malipo makubwa mno ili watoe michoro. Gibbs akakataa. Alituma watu waipime meli nzima, sehemu kwa sehemu, hata michoro yote ikapatikana upya. Mwaka 1923 Leviathan ilirudi baharini.

Fundisho la pili lilikuwa la usalama. Meli Malolo, aliyoisanifu yeye, iliundwa katika kiwanda kile kile cha Cramp. Tarehe 25 Mei 1927, ikiwa katika majaribio, iligongwa katika ukungu na meli ya mizigo ya Kinorwe. Maji tani 7,000 yaliingia ndani, lakini haikuzama, kwa sababu kuta za ndani zisizopitisha maji ziliyazuia yasienee. Miaka saba baadaye, mwezi wa Septemba 1934, meli Morro Castle, ambayo haikuwa kazi yake, iliteketea karibu na pwani ya New Jersey, na watu zaidi ya 130 wakafa. Tangu hapo Gibbs aliuona moto kuwa adui mkubwa kuliko mawimbi.

Fundisho la tatu lilitoka tena vitani. Kuanzia 1941 kampuni yake, Gibbs & Cox, iliandaa michoro ya meli za mizigo zilizoitwa Liberty, ambazo 2,710 ziliundwa. Aliona wazi kwamba serikali ikiona haja, fedha hupatikana.

3. Meli yenyewe

Haja hiyo ilionekana baada ya vita. Meli mbili za Waingereza, Queen Mary na Queen Elizabeth, zilikuwa zimevusha maelfu ya askari, pengine zaidi ya 15,000 kwa safari moja. Marekani ilitaka kuwa na chombo chake cha aina hiyo. Gharama ya United States ilifika dola milioni 78 hivi, na sehemu kubwa ililipwa na serikali. Sharti lilikuwa kwamba meli iweze kugeuzwa upesi ili kubeba askari 14,000.

Mkuku uliwekwa Newport News, Virginia, tarehe 8 Februari 1950. Meli ilikuwa na urefu wa futi 990, yaani karibu meta 302. Sehemu za juu zilitengenezwa kwa alumini ili kupunguza uzito, na mitambo iligawanywa katika vyumba viwili vilivyotengana, ili kimoja kikiharibika kingine kiendelee. Mbao zilikatazwa kabisa, isipokuwa gogo la kukatia nyama jikoni na piano, ambayo nayo ilitengenezwa kwa mti usioshika moto kwa urahisi.

Tarehe 3 Julai 1952 ilitoka New York kwa safari yake ya kwanza. Ilivuka Atlantiki kwa siku 3, saa 10 na dakika 40, kwa mwendo wa wastani wa noti 35.59, yaani karibu kilomita 66 kwa saa. Rekodi ya Queen Mary ya mwaka 1938 ilipunguzwa kwa saa 10. Mwendo wa juu kabisa uliofikiwa katika majaribio ulifanywa siri ya kijeshi kwa miaka mingi.

4. Wakati uliopita

Mwezi wa Oktoba 1958, miaka sita tu baadaye, ndege za jeti za Marekani zilianza kuruka kati ya New York na Paris kwa muda wa saa tisa hivi. Hakuna msanifu wa meli aliyeweza kushindana na jambo hilo. Wala vita ambavyo serikali ilivilipia havikuiita meli hiyo: haikupata kamwe kutumiwa kubeba jeshi.

Gibbs aliendelea kuipenda. Alizoea kuipigia simu ikiwa baharini na kwenda kuitazama ikirudi bandarini. Alifariki New York tarehe 6 Septemba 1967. Mwaka 1969 meli iliondolewa kazini. Kuanzia 1996 ilifungwa gatini Philadelphia, mji aliozaliwa msanifu wake, ikapata kutu kwa miaka karibu 30. Mwaka 2024 ilinunuliwa na wilaya ya Okaloosa, Florida, na mwezi wa Februari 2025 ikavutwa kutoka Philadelphia, ili hatimaye izamishwe iwe makao ya samaki.

5. Hitimisho

Wahenga walisema: subira yavuta heri. Walisema pia: chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Maisha ya Gibbs yanathibitisha methali zote mbili. Kama angeiunda meli yake mwaka 1917, ingekuwa na abiria tele, lakini isingekuwa na mafundisho ya Leviathan, ya Malolo na ya Morro Castle. Ilipoundwa kwa ukamilifu, abiria walikuwa wameanza kutazama angani.

Lakini kosa halikuwa la msanifu. Ndoto ya mtu mmoja, ikiwa kubwa kupita mfuko wake, hungoja haja ya dola. Nayo dola hutoa fedha kwa sababu zake yenyewe na kwa wakati wake yenyewe. Gibbs alilijua hilo, akakubali meli ya amani ichorwe kwa masharti ya vita. Kwa makubaliano hayo aliipata meli yake. Kwa makubaliano hayo hayo aliipata kwa kuchelewa.